Daktari na Bwana Afya Katika Mtu Mmoja

Somo lililosomwa redioni na Afisa Elimu, na kupigwa chapa kwa ajili ya madarasa ya watu wazima

Ndugu wanafunzi, natumaini mmekwisha keti, redio yasikika vizuri, na mwalimu wenu amekwisha andika ubaoni maneno matano ya leo. Maneno hayo ni haya: shahada, jamii, risasi, deni, hesabu. Yatazameni mara moja, kisha wekeni kalamu chini mnisikilize. Mtaandika baadaye.

Juma lililopita nililetewa barua kutoka darasa moja la pwani. Aliyeiandika ni mama wa makamo, na mwalimu wake aniambia ya kuwa ni barua ya kwanza mama huyo kuiandika kwa mkono wake mwenyewe, bila ya kushikiwa kalamu. Nimeifurahia sana. Jina lake sitalitaja, lakini ameniruhusu niwasomee maneno yake. Asema hivi:

"Mwalimu, salaam. Kaka yangu anakaa Marekani miaka mingi. Mtoto wake wa kiume anasomea udaktari huko huko. Tulikuwa tukihesabu ya kuwa mwakani atamaliza. Sasa kaka amepiga simu, asema kijana ameongeza mwaka mmoja ili asome shahada ya pili, ya afya ya jamii. Baba yangu mzee halali. Kila siku aniuliza: Mjukuu wangu ameanguka mtihani, nanyi mwanificha? Mimi ni shangazi yake, na jibu sina. Mwalimu, mtu akiwa daktari, si amekwisha kuwa mtu wa afya? Hiyo afya ya pili ni ya nini?"

Ndugu wanafunzi, hili ni swali zuri, na wako watu wengi wa ofisini ambao wasingeweza kulijibu. Basi leo tutalijibu sote pamoja. Lakini kwanza tumtulize mzee. Kwa kadiri ya maneno ya barua hii, kijana hakuanguka. Mwanafunzi aliyeanguka huambiwa arudie masomo yale yale. Hapewi mengine mapya juu yake. Huyu amejitwisha mzigo wa pili kwa hiari yake. Sasa tuone mzigo huo una nini ndani.

KAZI MBILI, SI MOJA

Wazee wetu walimjua daktari, na walimjua Bwana Afya. Leo twamwita Afisa Afya, lakini kazi ni ile ile. Daktari hukaa hospitalini, na mgonjwa humwendea. Bwana Afya hutembea kijijini. Hutazama visima, vyoo, machinjio na vibanda vya kuuzia chakula.

Tuseme mtoto anaharisha. Mama ambeba, ampeleka kwa daktari. Daktari ajiuliza, "Mtoto huyu ana maradhi gani, na dawa yake ni ipi?" Ampa dawa, mtoto apona. Kesho yake aja mtoto mwingine, na kesho kutwa wawili. Hapo ndipo Bwana Afya huuliza swali la namna nyingine: "Kwa nini watoto hawa wote watoka nyumba za bondeni, na wa mlimani hawaugui? Watu wa bondeni wateka maji wapi?" Daktari amtibu mtu mmoja mmoja. Bwana Afya akitibu kisima, ametibu kijiji kizima.

Elimu ya swali hili la pili ndiyo iitwayo afya ya jamii. Jamii ni watu wote kwa pamoja. Nasi madarasa ya watu wazima si wageni wa elimu hiyo. Mwaka 1973, katika Tanzania, kulikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, kama mlivyokusanyika ninyi sasa, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kusafisha visima. Hawakuwa madaktari hata kidogo. Lakini kazi waliyoifanya ilikuwa ya afya, na ilizuia maradhi ambayo daktari angeyatibu baada ya mtu kuugua.

KWA NINI SHULE NI MBILI

Mama yetu auliza, "Daktari si mtu wa afya?" Naam, ni mtu wa afya. Lakini katika nchi ya Marekani elimu hizi mbili zina shule mbili, na yapasa tujue sababu yake.

Mwaka 1915 watu wawili, William Welch, aliyekuwa daktari na mwalimu wa madaktari, na Wickliffe Rose, waliandika shauri. Walisema ya kuwa kazi ya kulinda afya ya watu wote yataka shule yake yenyewe na walimu wake wenyewe, maana ndani ya shule ya udaktari daima mgonjwa aliyelala kitandani ndiye atakayetangulia. Mwaka 1916 chuo kikuu cha Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore, kilipewa fedha na Rockefeller Foundation ili kujenga shule ya namna hiyo, na Welch ndiye aliyeiongoza kwanza. Vyuo vingine vikafuata mfano huo.

Faida yake ilikuwa kubwa. Watu ambao si madaktari, kama mainjinia, wauguzi na wajuzi wa hesabu, wakapata mahali pa kusomea afya. Lakini palikuwa na hasara pia. Tangu hapo daktari aliyetaka elimu zote mbili alipaswa kugonga milango miwili.

JINSI SHAHADA MBILI ZINAVYOSOMWA PAMOJA

Shahada ni cheti cha chuo kikuu kinachoshuhudia ya kuwa mtu amehitimu elimu fulani. Huko Marekani mtu husoma kwanza shahada ya kawaida, kwa desturi miaka 4. Baada ya hapo huingia shule ya udaktari, miaka 4 mingine. Shahada ya uzamili ya afya ya jamii, kwa mtu anayeisoma peke yake, kwa kawaida huchukua miaka 2, ingawa zipo shule zinazoifundisha kwa mwaka mmoja wa kazi nyingi.

Sasa tupige hesabu. Udaktari miaka 4, na afya ya jamii miaka 2. Jumla ni miaka 6. Lakini vyuo vingi vimepatana ili mtu azisome zote mbili kwa miaka 5. Mwaka mmoja umekwenda wapi?

Jibu ni hili. Kila somo lina uzito wake, na uzito huo huhesabiwa kwa vipimo ambavyo vyuoni huitwa krediti. Baraza linalokagua shule za afya ya jamii huko Marekani lataka shahada hii iwe na krediti zisizopungua 42. Mapatano ya vyuo yasema ya kuwa masomo fulani aliyoyasoma mwanafunzi upande wa udaktari yatahesabiwa upande wa pili pia. Ni kama mkulima aliyepanda mahindi na kunde katika shamba moja: jembe limeingia ardhini mara moja, na mavuno ni mawili.

Mara nyingi mwanafunzi husoma udaktari miaka miwili au mitatu, kisha hutoka kidogo, hukaa mwaka mmoja katika shule ya afya ya jamii, ndipo hurudi kumaliza udaktari wake. Mwaka huo wa katikati ndio mwaka ambao mzee wetu ameuona kama mwaka wa kuanguka.

Katika mwaka huo hufundishwa nini? Kwa desturi elimu kubwa ni tano. Ya kwanza ni takwimu, yaani elimu ya kukusanya hesabu na kuzisoma. Ya pili ni epidemiolojia, yaani elimu ya mwendo wa maradhi: yanampata nani, wapi, lini, na kwa nini. Ya tatu ni mazingira, yaani maji, hewa, taka na chakula. Ya nne ni sheria na uendeshaji wa kazi za afya. Ya tano ni tabia na maisha ya watu, maana kumwambia mtu aache jambo bila kujua kwa nini alifanya ni kupoteza maneno. Tena mwanafunzi hutakiwa atoke darasani akafanye kazi halisi, katika ofisi ya afya ya mji au katika chama kinachowahudumia watu.

Si madaktari tu wafanyao hivi. Mwanasheria wa Marekani husoma sheria miaka 3. Akiiunganisha na afya ya jamii, mara nyingi humaliza zote mbili kwa miaka 4. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii husoma miaka 2. Akiunganisha, mara nyingi huwa miaka 3. Mmoja apata nguvu ya kutunga sheria za maji safi, na mwingine apata maarifa ya kuzisaidia jamaa zenye shida.

MJI WA FLINT

Huenda mtu akasema, "Haya yote ni maneno ya vitabuni. Tuonyeshe mahali ambapo elimu mbili zilifanya kazi ambayo moja isingeweza." Ni haki yake kusema hivyo. Sikilizeni habari za mji wa Flint, katika jimbo la Michigan, huko huko Marekani. Mji huo ulikuwa na watu karibu 100,000, na wengi wao walikuwa maskini.

Kwa miaka mingi Flint ilinunua maji yake kutoka mji wa Detroit. Mwezi Aprili 2014, kwa ajili ya kupunguza gharama, wakubwa walibadili, wakaanza kutumia maji ya mto wa Flint. Maji ya mto yalikuwa makali kwa mabomba, na dawa ya kuzuia kutu haikutiwa. Mabomba mengi ya zamani yalikuwa na risasi. Risasi ni madini mazito na laini, ndiyo ambayo wavuvi huifunga katika nyavu zipate kuzama. Basi maji yakaila risasi ile, na risasi ikaingia katika vikombe vya watu.

Watu wakalalamika. Maji yana rangi, yananuka, ngozi zawasha. Mwezi Oktoba 2014 kiwanda cha General Motors kiliacha kutumia maji hayo kwa sababu yalikuwa yakiharibu vyuma vya injini. Hata hivyo wananchi waliambiwa ya kuwa maji ni salama.

Sasa zingatieni jambo hili, maana ndilo kiini cha somo letu. Mtoto aliyekunywa risasi kidogo kidogo halii, hana homa, wala havimbi. Yeye hucheza kama wenzake. Madhara huja polepole katika akili: miaka baadaye hushindwa kusoma, hushindwa kutulia. Daktari aweza kumtazama mtoto huyo machoni, akamsikiliza moyo, asione kitu. Maradhi haya hayaonekani kwa mtoto mmoja. Huonekana katika hesabu ya watoto wengi.

Katika hospitali ya Hurley alikuwako daktari wa watoto, Bibi Mona Hanna-Attisha. Wazazi wake walitoka Iraki. Alipata shahada ya udaktari katika Michigan State University, na shahada ya uzamili ya afya ya jamii katika University of Michigan. Yeye naye, mwanzoni, aliwaambia akina mama ya kuwa maji hayana neno, kwa kuwa wakubwa ndivyo walivyosema. Mwezi Agosti 2015 rafiki yake mmoja, injinia wa maji, alimweleza ya kuwa dawa ya kuzuia kutu haitiwi. Daktari yule aliwakumbuka watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji ya bomba, akafadhaika.

Akafanya nini? Hakuishia kufadhaika. Hospitali huwapima watoto damu na kuandika matokeo. Alizichukua hesabu hizo, akalinganisha watoto waliopimwa kabla ya maji kubadilishwa, mwaka 2013, na waliopimwa baada yake, mwaka 2015. Tena alichagua miezi ile ile ya miaka yote miwili, tangu Januari hadi katikati ya Septemba, maana risasi katika damu ya watoto hupanda wakati wa joto. Kama angelinganisha miezi ya baridi na miezi ya joto, hesabu yake ingekuwa ya uongo. Hiyo ndiyo elimu ya shahada ya pili: kujua namna ya kulinganisha vitu vinavyolingana.

Tarehe 24 Septemba 2015 alisimama mbele ya waandishi wa magazeti akayasema aliyoyaona. Watu wa serikali ya jimbo walimkanusha, wakasema ni mabadiliko ya majira tu. Lakini majira alikuwa amekwisha kuyafikiria, kama tulivyoona. Baada ya siku chache wakakubali, na tarehe 16 Oktoba 2015 mji ukarudi kwenye maji ya Detroit.

Baadaye yeye na wenzake waliitengeneza hesabu ile vizuri zaidi, wakaziondoa nyumba za nje ya mji zilizokuwa zikitumia maji mengine. Ilitoka katika jarida mwezi Februari 2016. Walihesabu watoto 1,473, wote wenye umri chini ya miaka 5. Kabla ya maji kubadilishwa, katika kila watoto 1,000, watoto 24 walikuwa na risasi nyingi katika damu. Baada yake walikuwa 49. Idadi imeongezeka mara mbili. Andikeni namba hizo mbili katika madaftari yenu: 24 na 49.

Hakufanya peke yake. Wananchi wenyewe walipiga kelele kwanza, na wataalamu wa maji walipima mabomba. Lakini aliyeweza kufungua daftari la damu za watoto, na kuzisoma hesabu zake, na kusema nao wakubwa kwa sauti ya daktari anayeaminiwa na akina mama, alikuwa mtu mwenye elimu zote mbili. Angekuwa daktari tu, huenda asingejua kulinganisha. Angekuwa mtu wa hesabu tu, huenda daftari lile asingelipata.

MZIGO NA BEI YAKE

Ndugu wanafunzi, sitaki mfikiri ya kuwa kila daktari apaswa kufanya hivi. Elimu hii ina bei, na bei yake lazima tuiseme wazi.

Bei ya kwanza ni fedha. Kusoma udaktari Marekani ni ghali mno. Kwa hesabu za miaka ya karibuni, nusu ya madaktari wapya waliokopa walimaliza wakiwa na deni la dola 200,000 au zaidi. Shahada ya pili katika chuo kikubwa yaweza kuongeza makumi ya maelfu ya dola, isipokuwa mtu amepata msaada wa masomo. Bei ya pili ni wakati. Mwaka mmoja wa kusoma ni mwaka mmoja usio na mshahara, na jamaa wanaomngojea wangojea zaidi. Tena si lazima mshahara wa daktari uongezeke kwa sababu ya shahada hiyo.

Tena isidhaniwe ya kuwa shahada ya afya ya jamii peke yake yampa mtu ruhusa ya kutibu. La. Ruhusa hiyo hutoka upande wa udaktari.

Kwa hiyo jamaa wenye kijana anayetaka shahada mbili na wamwulize maswali manne, kwa upole. Kwanza, ni kazi gani utakayoweza kuifanya kwa shahada mbili, usiyoweza kuifanya kwa moja? Pili, vyuo vyako vimepatana kuhesabu masomo pande zote mbili, au utasoma mara mbili? Tatu, nani atalipa, na deni litakuwa kiasi gani? Nne, je, huwezi kuisoma baadaye? Swali hili la nne ni kubwa. Bibi yule wa Flint hakuzisoma shahada zake pamoja. Alikuwa daktari kwanza, na afya ya jamii aliisoma baadaye. Na huku kwetu hiyo ndiyo njia iliyozoeleka. Daktari wa Tanzania husoma miaka 5, hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi, na baadaye akitaka aweza kuisoma afya ya jamii katika chuo cha Muhimbili, Dar es Salaam. Uganda pia wapo wanaoisoma Makerere. Anayengoja hivyo huenda akaielewa zaidi, maana amekwisha ona wagonjwa wa kutosha kujua swali analotaka kuliuliza.

JIBU KWA MZEE

Sasa, mama yangu wa pwani, umwambie mzee hivi. "Baba, mjukuu wako hakuanguka. Anasoma udaktari, na juu yake anasoma kazi ya Bwana Afya. Akimaliza ataweza kumtibu mtoto, kisha akauliza ni kisima gani kilichomwuguza." Mzee wa umri wake amemwona Bwana Afya akipita kijijini, basi ataelewa. Kisha umpigie simu kijana mwenyewe, umwulize yale maswali manne. Shangazi ana haki ya kuuliza. Akiyajibu vizuri, mwombeeni heri. Na jibu lake la swali la tatu, lile la deni, liandike katika daftari lako, kwa mkono wako, ili jamaa wote wajue mapema wala asije mtu akashtuka.

Haya, shikeni kalamu. Mwalimu atawaandikia ubaoni maswali haya, nanyi mtajibu kwa maneno yenu.

1. Daktari huuliza swali gani? Bwana Afya huuliza swali gani?
2. Mwanasheria asoma sheria miaka 3 na afya ya jamii miaka 2, mbali mbali. Jumla ni miaka mingapi? Akiziunganisha kwa miaka 4, ameokoa miaka mingapi?
3. Kwa nini daktari wa Flint alichagua miezi ile ile ya miaka yote miwili?
4. Katika kijiji au mtaa wenu, ni maradhi gani yanayowapata watu wa upande mmoja kuliko mwingine? Hesabuni nyumba, mwandike.

Swali la nne msilijibu leo. Lifanyeni juma zima, kwa miguu yenu, mkilinganisha vitu vinavyolingana. Kisha nileteeni hesabu zenu. Kwaherini, hata juma lijalo.